Swali la Aiskrimu na Maabara ya Shule Yetu

Ndugu zangu wanafunzi wa zamani,

Kamati ya gazeti letu imenitaka niandike makala mafupi juu ya historia ya kufundisha sayansi kwa vitendo katika sekondari za nchi yetu. Sababu ya kunichagua mimi haifichiki, maana baada ya kutoka shuleni nilishika chaki nikafundisha Fizikia mpaka nikastaafu. Sababu ya kuichagua mada hii nayo haifichiki. Katika mkutano wa mwaka huu tutaamua mchango wetu wa maabara utumike vipi, na tayari tumegawanyika. Wako wanaotaka jengo jipya lenye jina letu ukutani, wako wanaotaka kompyuta, na wako wanaosema kwamba maabara tuliyosomea sisi inatosha. Kabla ya kupiga kura, naomba tukumbushane habari moja ya kweli iliyotokea hapa hapa Tanzania, ambayo wengi wetu tuliisikia nusunusu tukiwa wanafunzi.

Habari yenyewe haikutokea shuleni kwetu. Ilianzia Magamba, karibu na Lushoto, ikapitia Mkwawa kule Iringa, ikafika Dar es Salaam, na kutoka hapo ikaenea dunia nzima. Lakini shule yetu ingeweza kabisa kuwa mahali pake, kwa mema yake na kwa mabaya yake.

Hali ilivyokuwa

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, sekondari zilikuwa chache, na mtihani wa kidato cha nne ulitoka Cambridge, Uingereza. Shule kubwa zilikuwa na maabara, na nyingine zilijengwa vizuri hasa: meza ndefu za mbao ngumu, mabomba ya maji na gesi, makabati ya vioo yenye kufuli. Lakini jaribio la siku zile lilikuwa na jibu lake hata kabla halijaanza. Mwalimu aliandika kanuni ubaoni, wanafunzi wakagawiwa vyombo, wakapima. Kipimo kikitofautiana na kitabu, mwanafunzi aliambiwa arudie. Wajanja waliligundua hilo mapema: walianza na jibu, kisha wakapanga vipimo kurudi nyuma, na maksi wakapata. Kijana aliweza kumaliza miaka minne katika maabara bila hata siku moja kuiuliza dunia swali ambalo jibu lake hakulijua.

Hiyo haikuwa kasoro ya Tanganyika peke yake. Huko Uingereza kwenyewe walimu walikuwa wanalalamika vivyo hivyo, na mwaka 1962 mfuko wa Nuffield ulianzisha mradi mkubwa wa kubadili masomo ya sayansi ili mwanafunzi atangulie kutenda, kanuni ifuate. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mawazo hayo yalifika Afrika Mashariki na kujaribiwa katika baadhi ya sekondari zetu. Kabla ya hapo, mwaka 1956, Unesco ilikuwa imetoa kitabu cha kuwaonyesha walimu namna ya kutengeneza vyombo vya sayansi kwa vitu vya kawaida kama makopo, chupa, nyuzi na mishumaa. Mbegu ya kitabu hicho ilikuwa kijitabu kilichoandikwa kwa ajili ya walimu wa nchi zilizobomolewa na Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo yule mwalimu wetu aliyetufundisha kutengeneza mizani kwa rula na vifuniko vya soda hakuwa anaficha umaskini. Alikuwa anafuata njia iliyokwisha kupitwa na walimu wa Ulaya walipokuwa hawana kitu.

Foleni ya friji

Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba. Wavulana wa shule ile walikuwa na mtindo wa kujitengenezea aiskrimu. Walinunua maziwa kwa kina mama wa jirani, wakayachemsha, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka katika friji ya shule. Aliyesoma bweni anajua yaliyofuata: wenye maziwa wengi, nafasi chache, na mwenye kuchelewa hupata ufagio.

Siku moja Mpemba akiwa bado anachemsha, mwenzake alimwona akahofia kukosa nafasi. Hakuchemsha. Alichanganya maziwa yake na sukari, akayamimina katika trei na kuyatia ndani. Mpemba akapima hali ya mambo: akingoja maziwa yapoe, trei ya mwisho itachukuliwa. Akayaweka yakiwa ya moto vilevile, liwalo na liwe kwa friji. Baada ya saa moja na nusu walirudi wote wawili. Maziwa yaliyoingia ya moto yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa uji mzito tu.

Alimwuliza mwalimu wa Fizikia, akajibiwa kwamba jambo hilo haliwezekani, amechanganyikiwa. Akanyamaza. Lakini mwaka huo huo, mjini Tanga, alizungumza na rafiki yake mwenye kuuza aiskrimu, naye akamwambia bila kushangaa kwamba yeye huweka mchanganyiko ukiwa wa moto kwa sababu hugandia upesi. Wauzaji wengine wa Tanga walifanya vivyo hivyo. Tazameni jambo hili, ndugu zangu. Wenye biashara mtaani walikuwa wameliona kwa macho na kulitumia kila siku, na mwenye cheti aliliita haliwezekani bila kufungua mlango wa friji.

Fizikia ya Mpemba

Baada ya kufaulu kidato cha nne, Mpemba alichaguliwa kwenda Mkwawa. Darasa lilipofika kwenye joto na kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, akaona wakati wa kuuliza umewadia. Akauliza kwa nini maziwa ya moto na ya baridi yakiwekwa katika friji pamoja, ya moto hutangulia kuganda. Mwalimu akasema hadhani kama ni hivyo. Kijana akasema ameyafanya mwenyewe. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, na aliposhikilia neno lake, akaambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Darasa zima likalidaka neno hilo. Tangu siku hiyo, akikosea hata logi katika hesabu, kosa lake lilipewa jina lake.

Sisi tuliosoma bweni hatuhitaji kuelezwa uzito wa utani wa namna hiyo. Wengi huacha kuuliza. Mpemba hakuacha. Alasiri moja aliikuta maabara ya Biolojia iko wazi, haina mwalimu. Akachukua bika mbili ndogo, moja akaijaza maji ya bomba, ya pili maji ya moto, akaziweka katika friji ya maabara. Baada ya saa moja hakuna iliyokuwa imeganda yote, lakini ile ya maji ya moto ilikuwa na barafu zaidi. Akaona kwamba huo haujawa ushahidi kamili, akapanga kurudia atakapopata nafasi. Naomba msilipite jambo hili upesi. Hakukuwa na mtu wa kumsahihisha, wala maksi za kutafuta, na bado kijana alijihukumu mwenyewe kwamba ushahidi wake haujatosha. Hiyo ndiyo sayansi, na ilitendeka kwa sababu mlango haukufungwa.

Mgeni kutoka Dar es Salaam

Katika siku hizo Dkt. Denis Osborne, mwalimu wa Fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, alialikwa Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Ukafika wakati wa maswali. Mpemba akasimama, akauliza: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, vipimo sawa na vyombo sawa, yakiwekwa katika friji, yale ya nyuzi 100 huganda kwanza, ni kwa nini? Wenzake waliona ameiaibisha shule mbele ya mgeni.

Osborne naye, kama alivyoandika baadaye, alidhani kijana amekosea. Lakini alikumbuka kwamba kazi yake ni kuwatia vijana moyo wa kuuliza. Akamwuliza kama kweli amelifanya jaribio hilo, akaambiwa ndiyo. Akakiri mbele ya wote kwamba hajui, akaahidi kulijaribu atakaporudi chuoni. Wenzake walipomcheka Mpemba wakimwuliza kama aliielewa sura ya Newton, aliwajibu kwamba nadharia ni jambo moja na vitendo ni jambo jingine.

Osborne alitimiza ahadi. Alimpa kazi hiyo fundi kijana wa maabara. Fundi akarudi na habari kwamba maji ya moto kweli yametangulia kuganda, lakini akamhakikishia bwana mkubwa wake kwamba ataendelea kurudia mpaka apate jibu lililo sawa! Tucheke, lakini tujitazame pia. Yule fundi hakuwa mjinga. Alikuwa amefundishwa katika maabara za aina ile niliyoieleza, ambamo jibu hutangulia na kipimo hufuata.

Majaribio yakafanywa kwa utaratibu. Bika za sentimita za ujazo 100 zilitiwa maji sentimita 70, zikawekwa juu ya kipande cha sponji gumu ili joto lisipite kwa chini, na muda ukahesabiwa mpaka barafu ianze. Maji yaliyochelewa kuliko yote ni yale yaliyoanza na nyuzi 25 hivi, na yale ya nyuzi 90 yalitumia muda mfupi zaidi kwa mbali. Kisha wakajaribu kuweka utando wa mafuta juu ya maji, na kuganda kukachelewa kwa saa kadhaa. Hapo wakajua kwamba joto jingi lilikuwa linatokea juu. Maji yaliyopotea kwa mvuke yalikuwa kidogo mno, hayakutosha kueleza tofauti ile, kwa hiyo Osborne akaelekeza fikra kwenye mzunguko wa maji ndani ya chombo, unaopandisha yaliyo moto na kushusha yaliyo baridi.

Mwaka 1969 makala yao yalitoka katika jarida la walimu wa Fizikia la Uingereza, Physics Education, kwa majina ya wote wawili. Wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi. Mwaka huo huo G. S. Kell wa Kanada, bila kujua habari za Mkwawa, alitoa makala juu ya jambo hilo hilo. Lakini jina lililobaki ni la kijana wa Magamba. Lile lililokuwa tusi la darasani leo limo katika vitabu vya lugha nyingi.

Je, alikuwa na haki?

Ilionekana baadaye kwamba jambo hili ni la kale. Aristoteli, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, aliandika juu ya wavuvi wa Pontus waliomwaga maji ya moto kwenye matete ili yagande upesi. Francis Bacon na René Descartes nao waliligusa. Hata hivyo wataalamu hawajapatana mpaka leo. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora, yakaja majibu 22,000 hivi, na mshindi akawa Nikola Bregović wa Zagreb, Kroatia. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima kwa uangalifu mkubwa muda wa maji kushuka mpaka nyuzi sifuri, wasione maji ya moto yakitangulia, wakaonyesha kwamba kuhamisha kipimajoto juu au chini kidogo tu kunaweza kumdanganya mpimaji. Lakini kufika nyuzi sifuri si sawa na kuganda, maana maji huweza kupita chini ya sifuri yakiwa bado maji. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada, wakitumia chembe moja ndogo sana ndani ya maji, walionyesha wazi kwamba kitu chenye joto zaidi kinaweza kutangulia kupoa.

Mtu akiniuliza kama Mpemba alikuwa na haki, nitamjibu kwamba haki yake haikutegemea jibu. Alikuwa na haki ya swali lake kupelekwa mbele ya friji. Mwalimu wa darasani angeweza hata kuwa sahihi, na bado angekuwa amekosa, kwa maana aliamua kesi bila kumsikiliza shahidi. Osborne mwenyewe aliandika akionya juu ya fizikia ya kuamriwa.

Daftari mlangoni

Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na kati ya mambo aliyoyataka ni kijana mwenye akili ya kudadisi. Katika miaka hiyo hiyo mradi wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika ulitoa vijitabu vya walimu. Kimoja kilihusu yule mdudu mdogo achimbaye shimo mchangani mfano wa faneli ili anase sisimizi, na shauri lake lilikuwa moja: mtoto akiuliza juu ya mdudu, mwambie akamwulize mdudu.

Sisi tulioingia kidato cha kwanza mwaka 1974 tuliyakuta mawazo hayo yakiwa hewani. Baraza la Mitihani la Taifa lilikuwa limeundwa mwaka uliotangulia. Vyombo vilikuwa vinapungua, na baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipungua zaidi. Lakini mtakumbuka daftari lililofungwa kwa uzi kwenye mlango wa maabara yetu, ambalo yeyote aliruhusiwa kuandika swali, na kila Jumamosi mwalimu alichagua moja likajaribiwa. Mtakumbuka pia swali lililotoka bwaloni: je, ni kweli kwamba maharage yakitiwa magadi huiva mapema? Tulipima maharage sawa, maji sawa, moto sawa, sufuria mbili. Kila baada ya dakika kumi tulitoa punje kumi na kuzibonyeza. Yenye magadi yalitangulia kwa mbali, na mpishi mkuu akatucheka kwa kuwa alilijua hilo kabla hatujazaliwa. Lakini mwalimu hakuishia hapo. Alituonyesha kwamba magadi huharibu baadhi ya vitamini za maharage. Basi likazuka jambo la kupima: kuni tunazozikata wenyewe kwa mgongo, au chakula tunachokipoteza? Tulibishana juma zima. Katika miaka minne sikumbuki somo jingine la Kemia lililobishaniwa mpaka kitandani.

Mwalimu yule alipohamishwa, daftari lilitoweka. Vyombo vilikuwa vile vile, meza zile zile, silabasi ile ile. Kilichoondoka ni ruhusa.

Majengo na funguo

Baada ya mpango wa maendeleo ya sekondari ulioanza mwaka 2004, shule za kata zilienea nchi nzima, na maelfu ya vijana ambao zamani wangebaki nyumbani wakapata kidato cha kwanza. Hilo ni jambo kubwa, na asilidharau mtu. Lakini shule nyingi zilianza bila maabara, na kwa miaka mingi watahiniwa wao waliandika karatasi ya maswali badala ya kufanya majaribio yenyewe. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya Fizikia, ya Kemia na ya Biolojia, na wananchi wakachanga. Mimi katika kazi yangu nimeingia katika maabara mpya zenye rangi inayong'aa, ambazo ufunguo wake umo mfukoni mwa mtu aliyesafiri. Nimeziona bika zikiwa bado na karatasi za dukani.

Kwa hiyo shauri langu kwa mkutano ni hili. Wanaotaka jengo wana hoja, kwa sababu madarasa yetu yamekuwa makubwa kuliko ya zamani. Hata hivyo jengo lingoje. Kwanza tutengeneze maji, umeme na friji katika maabara iliyopo. Pili, tulipe posho ya fundi wa maabara kwa miaka mitatu, kwa sharti moja la maandishi: kwamba maabara ikae wazi kila alasiri baada ya masomo, na mwanafunzi mwenye swali aruhusiwe kuingia chini ya uangalizi wake. Tatu, tutenge fedha kila mwaka kwa vitu vinavyokwisha, yaani dawa, betri, balbu, na vipimajoto vinavyovunjika. Vipimajoto vitavunjika, na visipovunjika tujue havitumiki.

Najua kwamba hakuna jiwe la msingi la kuzindua katika shauri hili, wala ukuta wa kuandika majina yetu. Mtu anayekuja na mgeni rasmi hatakuwa na utepe wa kukata. Najua pia kwamba walimu wa sasa wana mzigo mzito, na swali la kijana huchelewesha silabasi. Tuwaulize wao kwanza, na mkuu wa shule, kabla ya kuwaamulia.

Mimi nimekwisha kununua daftari kubwa la kurasa 200, na uzi wa katani wa kulifungia mlangoni. Ukurasa wa kwanza nimeuacha mtupu.